Hesabu ya Unene wa Barabara ya Zege

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, ambalo limepita juu ya Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa yapata kilometa 3. Kabla ya siku hiyo malori yote yaliyotoka Usagara kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni kungoja kivuko, nacho kiliyavusha machache machache, kama mlango mwembamba wa zizi. Sasa mlango umekuwa mpana. Lori lenye shehena laweza kupita usiku na mchana, likaendelea mpaka Biharamulo na mipaka ya Rwanda na Burundi bila kuzima injini yake.

Jambo hili limeleta swali darasani kwetu, nalo ni swali jema. Barabara kuu zinazotoka Mwanza, ile ya Shinyanga na ile ya Musoma, ni za lami, na kila baada ya masika watu huonekana wakiziba mashimo. Je, kwa nini zisijengwe kwa zege nene, jambo likaisha? Watu wa mji wa Bellefontaine, Ohio, nchini Marekani, walianza kujenga barabara za zege tangu mwaka 1891. Hata hapa Tanzania, njia za mabasi yaendayo haraka mjini Dar es Salaam, ambayo yalianza kazi mwezi Mei 2016, zimejengwa kwa zege.

Mwenye kuuliza hivyo yampasa kwanza ajibu swali jingine: nene kiasi gani? Kusema "nene sana" si jibu, kwa maana kila sentimita ni fedha. Chukua barabara yenye upana wa meta 7. Katika kila kilometa moja, sentimita moja ya unene inameza meta za ujazo 70 za zege. Meta moja ya ujazo ya zege zuri la barabara hutaka yapata kilo 350 za saruji, yaani mifuko 7. Basi sentimita moja ni mifuko 490 kwa kila kilometa, nayo saruji hiyo husafirishwa kutoka mbali kuja huku Kanda ya Ziwa. Mhandisi akiongeza sentimita tano kwa hofu tu, amezika mifuko 2,450 katika kila kilometa. Akipunguza sentimita tano kwa ubahili, tutaona hapa chini yatakayompata.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayejua momenti na kipeo cha pili aweza kuifuata mwanzo hata mwisho. Yafaa kuwa na kalamu na karatasi karibu.

LAMI NA ZEGE HAZIBEBI MZIGO NAMNA MOJA

Nenda Mwaloni, Kirumba, utazame wachukuzi wanaoshusha magunia ya dagaa. Mahali palipo na tope, mchukuzi mmoja atamwaga changarawe ili apite. Mwingine atalaza ubao. Wote wawili wanavuka, lakini kwa njia mbili zilizo mbali. Changarawe inaupokea mguu juu, kisha inausambaza uzito chini kidogo kidogo, kila punje ikisukuma zile zilizo chini yake, mpaka unapofika kwenye tope umekwisha kuenea mahali papana. Ubao hausambazi hivyo. Ubao unapinda, na katika kupinda kwake unashika eneo kubwa la tope kwa mara moja.

Barabara ya lami ni ndugu yake changarawe. Ina tabaka juu ya tabaka, na udongo wa chini ukiwa dhaifu, tabaka lazima ziongezwe. Barabara ya zege ni ndugu yake ubao. Bamba la zege ni gumu sana kuliko udongo, kwa hiyo udongo hupata mgandamizo mdogo tu, na hatari inahama kutoka udongoni kwenda ndani ya bamba lenyewe. Swali la barabara ya zege, basi, ni hili: bamba likipinda, litavunjika au halitavunjika?

Zege lina tabia moja ambayo fundi mwashi anaijua hata kama hakusoma fizikia. Ukiligandamiza ni imara mno; ukilivuta ni dhaifu, kiasi cha sehemu moja tu ya kumi hivi. Kitu kinapopinda, upande mmoja hugandamizwa na wa pili huvutwa. Kwa hiyo bamba la barabara huvunjikia upande unaovutwa. Ili kujua nguvu yake, wahandisi hutengeneza boriti ndogo ya zege hilohilo, huingoja siku 28, kisha huipinda katika mashine mpaka ivunjike. Zege zuri la barabara huvunjika linapofikia mkazo wa yapata nyutoni 4.5 kwa kila milimita mraba. Ishike namba hii. Tutaihitaji mpaka mwisho wa somo.

MAGARI YAPI TUYAHESABU?

Wengi hudhani kwamba barabara huchoshwa na wingi wa magari. Sivyo. Huchoshwa na ekseli nzito. Katika jimbo la Illinois, karibu na mji wa Ottawa, yalifanywa majaribio makubwa tangu mwaka 1958 hadi 1960. Zilijengwa barabara za mzunguko, za lami na za zege, zenye unene mbalimbali, na malori yakazunguka juu yake usiku na mchana kwa miaka miwili. Ilionekana kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sawa na uzito wake, bali kwa yapata kipeo cha nne cha uzito huo. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi ya Tanzania wa mwaka 1999, unaotumika kwa barabara za lami, umeweka kipeo cha 4.5, na ekseli ya kupimia ni ya tani 8.16.

Fanya hesabu hiyo upesi. Ekseli ya tani 10 ina madhara mara 2.5 ya ekseli ya kupimia. Ekseli ya tani 12 ina madhara mara 5.7. Na motokaa ndogo, ambayo ekseli yake ina nusu tani? Zahitajika ekseli za motokaa zaidi ya laki mbili na nusu ili zilete madhara ya ekseli moja ya kupimia. Basi mwalimu mwenye kigari chake asilaumiwe kwa mashimo ya barabarani, wala daladala, wala bodaboda. Tunayemtafuta ni lori.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ekseli mbili zilizoandamana zaruhusiwa tani 18, na tatu zilizoandamana tani 24. Gari zima pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Tazama vema utaratibu huo. Katika ekseli tatu zilizoandamana, kila moja inabeba tani 8 tu. Lori refu lenye ekseli nyingi laweza kuwa mpole kwa barabara kuliko lori fupi lililoshindiliwa.

PEMBE YA BAMBA

Barabara ya zege haimwagwi ikawa kipande kimoja toka Mwanza mpaka Shinyanga. Zege husinyaa linapokauka, na lisipokatwa kwa mpango litapasuka ovyo lenyewe. Kwa hiyo hukatwa kwa msumeno kila baada ya meta 4 au 5, likawa mabamba yaliyofuatana. Kila bamba lina katikati, lina kingo, na lina pembe nne. Profesa Harald Westergaard, mzaliwa wa Denmark aliyefundisha Illinois, alitoa mwaka 1926 hesabu za mkazo kwa mahali pote hapo patatu, akauingiza na udongo wa chini. Hesabu zake ni za chuo kikuu. Sisi tutachukua ya pembe, iliyotangulia kidogo, ambayo A. T. Goldbeck aliipendekeza mwaka 1919, na Clifford Older akaitumia mwaka 1924 baada ya majaribio ya barabara ya Bates, Illinois.

Older aliwaza hivi. Tuchukulie hali mbaya kuliko zote: pembe ya bamba haina udongo chini yake, inaning'inia hewani kama ncha ya ubao uliotokeza nje ya gati. Gurudumu lasimama penye ncha kabisa na kulisukuma bamba kwa kani P. Bamba likivunjika, litavunjika kwa mstari unaokata pembe, kama mtu anavyovunja pembe ya mkate wa ngano.

Chora pembe mraba. Kutoka kwenye ncha, pima umbali x kuelekea katikati ya bamba, kisha piga mstari unaokata pembe hapo. Kwa kuwa pembe ni ya nyuzi 90, urefu wa mstari huo ni 2x. (Hakikisha mwenyewe kwa rula, usiniamini bure.) Momenti ya kani P kwenye mstari huo ni P mara x. Nguvu ya kipande cha mstatili kukataa kupinda ni upana mara kina mara kina, gawa kwa 6. Upana wetu ni 2x na kina ni unene wa bamba, tuuite h. Mkazo ni momenti ikigawanywa kwa nguvu hiyo:

Mkazo = Px ÷ (2xh² ÷ 6) = 3P ÷ h²

Angalia lililotokea: x imejifuta. Ukiwa karibu na ncha momenti ni ndogo, lakini na mstari ni mfupi. Ukienda mbali momenti inakua, na mstari unarefuka kwa kiasi kilekile. Mkazo ni mmoja. Mimi huona kwamba hesabu chache katika kitabu cha fizikia zina uzuri kama huu, nayo imebaki na herufi mbili tu.

Huenda msomaji akasema, "Lakini bamba limelala juu ya ardhi, pembe yake itaning'iniaje?" Inaning'inia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usiku. Mchana jua la Mwanza huupasha moto uso wa bamba, na chini kukabaki baridi. Uso unatanuka na bamba linavimba katikati. Usiku mambo yanageuka. Uso unapoa kwanza, unasinyaa, na pembe zinainuka juu, kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Si nyingi, ni milimita chache pengine hata moja haifiki, lakini zatosha kuacha nafasi chini. Nayo malori mengi ya safari ndefu hupenda kusafiri usiku. Sababu ya pili ni maji, nayo tutaieleza baadaye.

Sasa tuweke namba. Ekseli ya tani 10 inaweka tani 5 kila upande. Tukichukua nyutoni 10 kwa kilo moja, P ni nyutoni 50,000. Tuseme bamba lina unene wa milimita 250. Basi:

Mkazo = 3 × 50,000 ÷ (250 × 250) = 2.4

Hizo ni nyutoni 2.4 kwa milimita mraba, na zege letu huvunjika kwa 4.5. Mtu asiyejua atasema: vema, tumebakiza karibu nusu, tujenge. Asubiri kidogo.

UCHOVU WA ZEGE

Chukua kipande cha waya, ukipinde mara moja. Hakikatiki. Kipinde na kukirudisha mara thelathini, kitakatika mkononi mwako, ingawa hukutumia nguvu zaidi ya ile ya kwanza. Zege nalo huchoka. Mkazo ambao bamba linaustahimili mara moja, huenda lisiustahimili mara elfu kumi. Linalotawala ni uwiano wa mkazo: mkazo unaoletwa na gurudumu, ukigawanywa kwa mkazo wa kuvunja. Portland Cement Association ya Marekani ilitoa mwaka 1966 jedwali ambalo wahandisi wa nchi nyingi walilitumia. Hizi ni baadhi ya namba zake, zinazoonyesha mzigo waweza kupita mara ngapi kabla bamba halijapasuka:

Uwiano 0.50 au chini yake: hakuna kikomo
0.51: mara 400,000
0.53: mara 240,000
0.55: mara 130,000
0.60: mara 32,000
0.64: mara 11,000
0.65: mara 8,000
0.70: mara 2,000
0.80: mara 120

Majedwali yaliyofuata yameshusha mpaka wa "hakuna kikomo" ukawa 0.45, lakini umbo la mambo ni lilelile. Soma tena kutoka juu kwenda chini. Uwiano umetoka 0.51 ukaenda 0.60, jambo dogo, na uhai umeshuka kutoka laki nne mpaka elfu thelathini na mbili.

Bamba letu la milimita 250 chini ya ekseli ya tani 10 lina uwiano wa 2.4 gawa kwa 4.5, yaani karibu 0.53. Laruhusu mara 240,000. Tuseme katika njia yetu hupita ekseli 30 za tani 10 kwa siku. Gawanya: siku 8,000, ambazo ni karibu miaka 22. Hiyo ni barabara njema.

Na yule bahili aliyejenga milimita 200? Mkazo wake ni 150,000 gawa kwa 40,000, yaani 3.75. Uwiano ni 0.83, na ruhusa yake haifiki hata mara 120. Kwa ekseli zile 30, ni chini ya siku nne! Katika barabara ya kweli haitakufa upesi namna hiyo, kwa maana udongo husaidia na si kila gurudumu hukanyaga ncha. Lakini hesabu inaonyesha upande ambao mambo yanakwenda. Sentimita tano zimetenganisha miaka na siku.

MAGUNIA ISHIRINI

Sasa nawaomba wazazi wenye malori, na wenye kupakia mpunga, pamba na mahindi, wasome sehemu hii pamoja na watoto wao.

Katika bamba lilelile la milimita 250, lipitishe lori lenye ekseli ya tani 12. Limezidisha tani 2, yaani magunia 20 ya kilo mia mia. Dereva atasema ni kidogo, na ukitazama kwa macho, kweli ni kidogo. P imekuwa nyutoni 60,000. Mkazo ni 180,000 gawa kwa 62,500, yaani 2.88. Uwiano ni 0.64. Ruhusa imeshuka kutoka 240,000 ikawa 11,000.

Wako wanaosema kwamba malori ya kuzidisha ni machache, hivyo hayadhuru. Tupime. Tuseme yale ya halali ni ekseli 30 kwa siku kama kwanza, na yale ya kuzidisha ni matano tu, kila moja na ekseli moja ya tani 12. Jinsi ya kujumlisha uchovu wa mizigo mbalimbali ilielezwa na Palmgren wa Sweden mwaka 1924, kisha na Miner wa Marekani mwaka 1945: kila mzigo unakula sehemu yake ya uhai, nasi tunazijumlisha sehemu hizo mpaka zifike moja. Kila siku zile ekseli 30 hula 30 katika 240,000, yaani sehemu 1 katika 8,000. Zile tano hula 5 katika 11,000, yaani sehemu 1 katika 2,200. Jumlisha, utapata kwamba uhai unakwisha kwa siku 1,725 hivi. Barabara ya miaka 22 haikufika hata miaka mitano, na robo tatu na zaidi ya uharibifu imefanywa na malori matano.

Mtu mwingine atauliza, kwa nini basi mhandisi asiongeze unene, watu wapakie wapendavyo? Aweza. Bamba la milimita 280 likikanyagwa na ekseli ya tani 12 lina mkazo wa 180,000 gawa kwa 78,400, yaani 2.3. Uwiano ni 0.51, ruhusa ni 400,000. Malori yale matano kwa miaka 20 yatapita mara 36,500 tu, hata sehemu ya kumi ya uhai haifiki. Ekseli ya tani 10 nayo imeshuka chini ya 0.45, haihesabiki tena. Sentimita tatu zimeponya ugonjwa wote.

Lakini sentimita tatu hizo ni mifuko 1,470 ya saruji kwa kila kilometa, inayolipwa na watu wote, hata yule bibi wa Misungwi anayekwenda sokoni kwa miguu, ili watu watano waweze kubeba magunia mia moja ya ziada kwa siku. Na kuna jambo baya zaidi. Wapakiaji wakizoea kwamba tani 12 hazina madhara, kesho watapakia 14. P itakuwa 70,000, uwiano karibu 0.60, ruhusa 32,000, na zile 36,500 zimekwisha kuipita. Kwa maoni yangu, mizani iliyopo barabarani, ikisimamiwa na mtu mwaminifu, ni sentimita tatu za zege zisizotumia saruji.

UDONGO NA MAJI

Mmeona kwamba katika kanuni ya 3P ÷ h² udongo haumo kabisa. Msifikiri kwamba haujali. Katika barabara ya zege ubora wa udongo hauongezi sana wala kupunguza sana unene wa bamba. Linalotakiwa ni kwamba udongo uwe namna moja chini ya bamba zima, na usihame.

Hapa Usukumani jambo hilo ni zito. Wazee wetu waliugawa udongo kwa majina zamani kabla ya maabara: luseni ni ule wa kichanga karibu na vilima, na chini mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi. Mbuga ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mguu, ikinywesha inavimba. Barabara inayoshuka kutoka luseni kuingia mbugani inapita juu ya ardhi mbili zenye tabia mbili. Ubao uliolala nusu juu ya jiwe na nusu juu ya tope utavunjikia wapi, kila mtoto anajua. Kwa hiyo mbuga huondolewa na kujazwa udongo mwingine, au hufunikwa kwa tabaka la changarawe iliyochanganywa na saruji kabla ya bamba kuwekwa. Kokoto si shida kwetu. Mawe ya Mwanza ni ya granaiti.

Maji ni adui mwingine. Mvua ikiingia katika maungio ya mabamba, inakaa chini pamoja na udongo mwororo. Lori likija, bamba linashuka kidogo na kuyabana maji. Yanaruka nje kwa nguvu kupitia maungio, yakichukua udongo. Lori la pili linatoa udongo zaidi. Baada ya masika mawili matatu kuna shimo chini ya pembe, nawe ukiwa juu hulioni. Hapo ile pembe inayoning'inia ya Bwana Older si dhana tena. Katika majaribio yale ya Ottawa, Illinois, mabamba mengi yaliyoharibika yalianza kwa njia hii.

Dawa zake ni tatu: mitaro inayofanya kazi, tabaka la chini lisilosombwa na maji, na nondo za kuunganisha. Nondo hizi huwekwa katika maungio ya kukatiza barabara, nusu ndani ya bamba hili na nusu ndani ya jirani yake. Ni laini, hazina mikunjo, na hupakwa mafuta ili bamba liweze kusinyaa bila kuvutana. Gurudumu likifika penye pembe, nondo humwita jirani asaidie. Tukichukulia kwamba jirani amepokea sehemu moja tu katika tano, P yetu inashuka kutoka 50,000 hadi 40,000, na mkazo katika bamba la milimita 250 unashuka kutoka 2.4 hadi 1.92. Uwiano umekuwa 0.43, chini ya mpaka wa uchovu. Kipande cha chuma kilichofichwa ndani kimefanya kazi ya sentimita kadhaa za zege.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Zege lingefaa sana mahali ambapo malori husimama na kuondoka polepole, kama penye mizani, vituo vya mabasi makubwa, malango ya bandari na milima yenye mteremko mkali, kwa maana hapo lami hulainika kwa jua na kufanya mifereji ya magurudumu. Kwa njia ndefu za porini yapasa kupima gharama. Zege ni ghali siku ya kwanza, na likikosewa kulirekebisha ni kazi kubwa kuliko kuziba shimo la lami. Likipatiwa, hukaa miaka mingi bila kuguswa. Hesabu tuliyofanya hapa ni ya kujifunzia tu, msimpelekee mkandarasi. Mhandisi wa kweli hupima pia ukingo wa bamba, joto, na maji chini ya bamba, kisha huongeza kiasi cha usalama.

MAZOEZI

Kwanza, bamba lina unene wa milimita 240 na linapitwa na malori yenye ekseli tatu zilizoandamana, jumla tani 24 kama sheria inavyoruhusu. Tafuta uwiano wa mkazo chini ya kila ekseli, kisha useme kama bamba litachoka.

Pili, onyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa maradufu, unene wa bamba wahitaji kuongezwa mara 1.41 tu ili mkazo ubaki uleule. Je, kwa nini si maradufu?

Tatu, bamba la milimita 250 lilipangwa kwa zege la nguvu ya 4.5. Siku ya kumwaga zege jua lilikuwa kali, na fundi akaongeza maji ili kazi iwe nyepesi. Nguvu ikashuka ikawa 4.0. Malori yote yanatii sheria, ekseli 30 za tani 10 kwa siku. Tafuta bamba hili litadumu siku ngapi badala ya 8,000.

Majibu yatatolewa katika toleo la muhula ujao.